Kufundisha Mtawanyiko wa Chembe katika Vimiminika na Gesi: Mwongozo kwa Mwalimu Asiye na Maabara

Walimu wengi huanza somo la mtawanyiko wa chembe, au difyusheni kama unavyoitwa sekondari, kwa kupuliza manukato mbele ya darasa na kuwataka wanafunzi wanyooshe mkono kila mmoja anaposikia harufu. Safu ya mbele hunyoosha, ya kati hufuata, ya nyuma humalizia, na katika muda wa dakika moja au mbili darasa zima limekwisha kunusa. Mwalimu huandika ubaoni kwamba chembe za manukato zimetoka penye mkolezo mkubwa, yaani palipo na chembe nyingi, zikaenda penye mkolezo mdogo. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini jaribio lililotangulia halikuithibitisha. Kama hewa ya darasa ingekuwa imetulia kabisa, bila upepo wa dirishani, bila pumzi za wanafunzi na bila joto la miili yao linaloinua hewa, molekuli za manukato zingehitaji wiki kadhaa kufika umbali wa mita 5 kwa mtawanyiko peke yake. Kilichoibeba harufu ile hadi safu ya nyuma ni mkondo wa hewa.

Kasoro hiyohiyo imo katika jaribio la kudondosha rangi ndani ya glasi mbili, moja ya maji ya moto na nyingine ya maji baridi. Rangi hujaa katika maji ya moto kwa muda mfupi sana, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba ameuona mtawanyiko ukiharakishwa na joto. Alichokiona kwa sehemu kubwa ni mikondo ya joto, ile aliyokwisha kuisoma kwa jina la myuko. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja: mtawanyiko ni wa polepole, huonekana pale tu ambapo mikondo imezuiwa, na mwalimu anayetaka wanafunzi wauelewe hana budi kuwafundisha kusubiri na kupima. Majaribio yaliyomo yanahitaji vifaa vya dukani, vya jikoni na vya duka la dawa, na yanafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi na ya chini ya sekondari, hata darasa likiwa na wanafunzi 60.

Mambo ya kuweka sawa kabla ya kuingia darasani

Molekuli za hewa iliyotulia hazijatulia. Kila moja husafiri kwa kasi ya wastani ya takriban mita 470 kwa sekunde, lakini haifiki mbali, kwa sababu hugongana na nyingine mara mabilioni kadhaa kila sekunde, na kila inapogongana hubadili mwelekeo. Umbali inaokwenda kati ya mgongano mmoja na unaofuata haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ndani ya maji molekuli zimekaribiana zaidi na hakuna nafasi ya kukimbia hata kwa umbali huo, na ndiyo maana mtawanyiko katika maji huwa wa polepole kuliko katika hewa kwa takriban mara 10,000. Mwalimu mwenye takwimu hizi kichwani hatashangaa jaribio la gesi likimalizika katika kipindi kimoja huku jaribio la maji likiendelea wiki nzima, na ataweza kuwaeleza wanafunzi sababu.

Jambo la pili ni kanuni ya muda na umbali. Chembe inayosukumwa huku na huku bila mpango hairudufu umbali wake kwa kurudufu muda. Ili ifike umbali mara mbili huhitaji muda mara nne, na ili ifike umbali mara kumi huhitaji muda mara mia. Kanuni hii haitajwi sana katika vitabu vya shule, nami naona ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote katika mada hii, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini mtawanyiko unatosha kabisa ndani ya seli na hautoshi kabisa ndani ya mwili mzima wa mnyama.

Jambo la tatu ni lugha ya mwalimu mwenyewe. Tunasema kwa wepesi kwamba chembe “hutafuta nafasi”, “hukimbia msongamano” au “hupenda kwenda penye chache”, na mwanafunzi huipokea kauli hiyo kama ilivyo, akaamini kwamba chembe inajua wenzake wako wapi. Chembe haijui. Ni heri kuzoea maelezo marefu kidogo lakini ya kweli: kila chembe husogea upande wowote bila kuchagua, upande wenye chembe nyingi hutoa nyingi, upande wenye chembe chache hutoa chache, na tofauti kati ya zinazokwenda na zinazorudi ndiyo mtawanyiko tunaouona kwa macho. Vilevile tusiseme kwamba chembe “huacha kusogea” mkolezo unapolingana. Husogea vilevile kama mwanzo, isipokuwa zinazovuka kwenda zinalingana na zinazovuka kurudi.

Hatua ya kwanza: uwanjani, kabla ya maji na rangi

Ninapendekeza somo lianzie uwanjani. Kata vipande vya kadibodi vyenye ukubwa wa sarafu, kimoja kwa kila mwanafunzi, na upake rangi upande mmoja tu. Usitumie vizibo vya soda, kwa sababu kizibo hakina uwezekano sawa wa kuangukia pande zake mbili na matokeo yataelemea upande mmoja. Chora ardhini mstari mrefu wa katikati kwa majivu au chokaa, kisha chora mistari mingine sambamba nao, kumi kila upande, ikiachana hatua moja. Wanafunzi wote wasimame kwenye mstari wa katikati, bega kwa bega, wakitazama upande mmoja.

Kila mwanafunzi arushe kipande chake. Kikiangukia upande wenye rangi, asogee mstari mmoja mbele. Kikiangukia upande usio na rangi, asogee mstari mmoja nyuma. Baada ya kurusha mara 4, wasimame pale walipo na wahesabiwe mstari kwa mstari. Katika kundi la wanafunzi 60, tarajia kwamba karibu 22 watakuwa wamerudi mstari wa katikati, kama 15 watakuwa kwenye mstari wa pili kila upande, na watatu au wanne watakuwa kwenye mstari wa nne kila upande. Mistari ya kwanza na ya tatu itakuwa mitupu. Mwanafunzi makini ataliuliza hilo, na jibu lake ni kwamba anayesogea mara shufwa hawezi kuishia kwenye mstari witiri. Andika hesabu hiyo, kisha waendelee kurusha hadi jumla ya mara 16 na wahesabiwe tena.

Hapa ndipo penye somo. Baada ya kurusha mara 4, wastani wa umbali kutoka katikati ni hatua moja na nusu. Baada ya mara 16, yaani muda mara nne, wastani huo hautakuwa hatua sita. Utakuwa hatua tatu na kidogo, yaani umbali mara mbili. Waulize wanafunzi kama kuna hata mmoja aliyekuwa akijaribu kufika mbali, au aliyewakimbia wenzake. Hakuna, kila mmoja alitii kadibodi yake, na bado kundi zima limetawanyika pande zote mbili kwa mpangilio ambao mwalimu aliweza kuukadiria kabla. Wanafunzi waliokwisha kulishuhudia hilo kwa miguu yao huwa vigumu kuwarudisha kwenye hadithi ya chembe zinazotafuta nafasi.

Mchezo wa pili uwanjani huonyesha usawa. Gawa uwanja sehemu mbili kwa mstari mmoja, na uwaweke wanafunzi 40 upande wa kushoto. Katika kila mzunguko, kila mwanafunzi arushe kipande chake mara mbili, na avuke mstari pale tu rangi inapotokea mara zote mbili. Baada ya mzunguko wa kwanza takriban 30 watabaki kushoto, baada ya wa pili kama 25, kisha 22 au 23, na hatimaye idadi itakuwa ikipanda na kushuka karibu na 20. Endelea kwa mizunguko mingine mitano au sita baada ya kufika hapo, hata kama wanafunzi wanadhani mchezo umekwisha, ili waone kwamba idadi imetulia ilhali watu bado wanavuka kila mzunguko.

Hatua ya pili: glasi ya maji yaliyotulia

Jaribio hili lianze Jumatatu, kwa sababu linahitaji siku kadhaa. Unahitaji glasi ndefu au chupa angavu ya plastiki iliyokatwa shingo, maji safi, mrija wa kunywea, na punje chache za potasiamu pamanganeti, ile dawa ya rangi ya zambarau inayouzwa katika maduka ya dawa. Maji yawe safi kwelikweli, kwani pamanganeti huathiriana na uchafu wa mimea na kugeuka kahawia. Jaza glasi usiku uliotangulia na uiache mahali itakapokaa, mbali na dirisha na jua, ili maji yapate joto sawa na la chumba. Maji yaliyotoka bombani wakati huohuo bado yana mizunguko ndani yake hata kama uso wake umetulia.

Asubuhi, ingiza mrija taratibu hadi uguse kitako cha glasi. Dondosha punje moja au mbili kupitia ndani ya mrija, ziba tundu la juu kwa kidole, kisha uuvute mrija wima kwa mwendo wa polepole sana. Ukifanya kwa utulivu, hutaona michirizi ya zambarau ikishuka katikati ya maji. Utaona tabaka jembamba la rangi nzito likilala kitakoni kama zulia. Tofauti hii ina maana kubwa. Punje inayodondoshwa kutoka juu huacha mkia wa rangi unaoshuka, na mkia huo huvutwa na uzito wake. Darasa huutazama kwa furaha na kuuita mtawanyiko, ingawa sio. Tabaka lililolala kitakoni, kinyume chake, ni zito kuliko maji yaliyo juu yake, kwa hiyo hakuna mkondo unaoweza kulipandisha. Rangi ikionekana juu zaidi kesho, imepanda kwa njia moja tu, nayo ni mwendo wa chembe zenyewe.

Bandika ukanda wa karatasi ubavuni mwa glasi na uweke alama ya kalamu mahali rangi inapoishia, pamoja na siku na saa. Kundi moja la wanafunzi liwe na wajibu wa kuweka alama asubuhi, mchana na jioni bila kuigusa wala kuisogeza meza. Kwa makadirio, pamanganeti huchukua saa nane hadi tisa kupanda sentimeta 1, karibu siku moja na nusu kupanda sentimeta 2, na siku tatu na zaidi kupanda sentimeta 3. Jicho huweza kuona rangi hafifu mbele kidogo ya vipimo hivyo, kwa hiyo wanafunzi wasilazimishwe kupata namba zilezile. Linalotafutwa ni kwamba alama zinazidi kukaribiana kadiri siku zinavyopita. Wanafunzi wa sekondari wachore grafu na waangalie kama kanuni ya mraba waliyoikuta uwanjani (umbali mara mbili, muda mara nne) inajirudia. Mjerumani Adolf Fick, mtaalamu wa fiziolojia, alipotangaza kanuni za mtawanyiko mwaka 1855, naye alikuwa akipima chumvi ikipanda polepole ndani ya maji yaliyotulia. Wanafunzi wako wanafanya kazi ya aina ileile.

Tahadhari zake ni chache lakini zizingatiwe. Mwalimu mwenyewe ndiye atunze punje na kuzidondosha, kwa kuwa hubabua ngozi na kutia madoa yasiyotoka kwenye sare. Zisiwekwe karibu na gliserini wala sukari, kwani pamanganeti ikichanganyika na gliserini huwaka moto yenyewe baada ya muda mfupi. Baada ya jaribio, maji yamwagwe yakiwa yamezimuliwa kwa maji mengi.

Hatua ya tatu: jeli, ili kuuliza swali la joto kwa haki

Mwanafunzi akiuliza kama joto huharakisha mtawanyiko, jibu ni ndiyo, lakini halithibitiki ndani ya maji matupu, kwa sababu maji yanayopata joto huanza kuzunguka. Ndani ya jeli hakuna kinachozunguka. Maji yamo, na chembe za rangi hupita kati yake, ila nyuzi za jeli huyazuia yasitembee kwa pamoja.

Tumia agari, unga unaotokana na mwani na unaouzwa kwa ajili ya kutengenezea vyakula vitamu. Gelatini haifai sana katika sehemu za joto kama Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, kwa sababu huyeyuka katika joto la mchana, ilhali agari ikishaganda hubaki imara hadi karibu nyuzi 85 za Selsiasi. Chemsha kijiko kimoja cha chai cha agari katika robo lita ya maji huku ukikoroga, hadi mchanganyiko uwe angavu, kisha umimine ndani ya chupa ndogo angavu hadi nusu. Itaganda yenyewe ikipoa, bila jokofu. Ukikosa agari, uji mzito wa wanga wa muhogo uliopoa unaweza kutumika, ingawa si angavu na rangi huonekana ubavuni tu.

Mimina juu ya jeli tabaka la rangi ya chakula iliyokolea, nyekundu au buluu. Usitumie pamanganeti hapa, kwa sababu itaathiriana na jeli na kuacha ukungu wa kahawia. Andaa chupa mbili zinazolingana. Moja iwekwe ndani ya hotpoti yenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40, yanayobadilishwa kila yanapopoa. Nyingine iwekwe ndani ya hotpoti yenye maji na barafu. Pima kwa rula, kwa milimita, rangi imeingia kiasi gani ndani ya jeli baada ya saa mbili, na tena mwisho wa siku ya masomo.

Rangi itakuwa imeingia milimita chache tu, na ile ya joto itakuwa imeipita ya baridi kwa takriban mara moja na nusu. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko wanafunzi wanavyotarajia, na kwa hiyo ni lazima ijadiliwe. Fanya sasa lile jaribio la kawaida la glasi mbili za maji, moto na baridi, mbele yao, na uwaulize kwa nini hapa tofauti ni kubwa kupita kiasi ilhali kwenye jeli ni ya wastani. Wape muda. Kundi litakalojibu kwamba ndani ya glasi kuna kitu kingine kinachoibeba rangi litakuwa limevuka hatua ngumu kuliko zote katika mada hii.

Hatua ya nne: gesi nzito inayopanda juu

Kwa gesi, jaribio ninaloliamini zaidi ni la chupa mbili za jemu zenye midomo mipana inayolingana. Siku moja kabla, koroga chokaa ya ujenzi katika chupa ya maji, iache itulie usiku kucha, kisha umimine taratibu maji angavu ya juu. Hayo ndiyo maji ya chokaa. Siku ya somo, weka vijiko viwili vya magadi katika chupa kubwa, ongeza siki, na uongoze gesi inayotoka kwa mpira mwembamba hadi kitakoni mwa chupa ya kwanza ya jemu. Gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi. Baada ya dakika chache sogeza njiti inayowaka mdomoni mwa chupa. Ikizimika, chupa imejaa.

Sasa chukua chupa ya pili, yenye hewa ya kawaida, uigeuze kichwa chini na uiweke juu ya ile ya kwanza, mdomo kwa mdomo, kisha zungushia selotepu mahali zinapokutana. Kabla ya kusubiri, wanafunzi waandike utabiri wao. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa: uzito wa molekuli yake ni 44 na wastani wa hewa ni 29. Wengi wataandika kwamba itabaki chini, na wana sababu nzuri ya kufikiri hivyo.

Acha chupa hizo zisimame kwa nusu saa bila kuguswa, mbali na jua. Kisha fungua selotepu, penyeza kadi ngumu katikati, ondoa chupa ya juu ikiwa imezibwa na kadi, igeuze, mimina maji ya chokaa kidogo ndani yake na uitikise. Yatageuka meupe kama maziwa. Fanya vivyo hivyo kwa chupa ya tatu yenye hewa ya kawaida tu, ili darasa lione kwamba maji yake yanabaki karibu angavu. Gesi nzito imepanda, na hakuna mkondo ulioweza kuipandisha, kwa kuwa iliyo nzito ilikuwa chini tangu mwanzo. Jaribio hili linatosha katika kipindi cha dakika 40 na halina sumu wala harufu.

Ukitaka pia kupima muda wa gesi, tumia mpira mwembamba angavu ambao mafundi ujenzi hupimia usawa wa ukuta kwa maji. Kata mita 1 na uufunge kwenye ubao ili unyooke. Koroga manjano ya jikoni katika spiriti, chovya karatasi nyeupe, ianike, kisha uikate vipande vidogo na uvipitishe kwenye uzi kwa sindano, kimoja kila sentimeta 10. Viloweshe, na uuvute uzi ndani ya mpira. Katika ncha moja weka pamba yenye robo kijiko cha mbolea ya SA (salfeti ya amonia) na robo kijiko cha chokaa, vilivyolowa kidogo, kisha ziba ncha zote mbili. Mchanganyiko huo hutoa amonia, ambayo huyageuza manjano kuwa rangi ya matofali. Kipande cha kwanza hubadilika baada ya dakika chache, cha pili huchelewa zaidi, cha tatu zaidi tena, na wanafunzi huandika dakika za kila kimoja. Mwalimu aujaribu mpira wake kabla ya siku ya somo, kwa sababu muda hutegemea wingi wa amonia. Mchanganyiko uandaliwe na mwalimu mwenyewe, madirisha yakiwa wazi, na asiwepo wa kuinusa pamba kwa karibu.

Shule yenye maabara inaweza kuonyesha jaribio la asidi ya haidrokloriki na amonia katika bomba la kioo la sentimeta 100, ambapo pete nyeupe hujitokeza karibu zaidi na ncha ya asidi. Mskoti Thomas Graham, aliyechunguza gesi katika miaka ya 1829 hadi 1833, ndiye aliyeonyesha kwamba kasi hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha uzito wa molekuli. Kwa uzito wa 17 wa amonia na 36.5 wa asidi, hesabu inaiweka pete karibu sentimeta 59 kutoka ncha ya amonia. Asidi hiyo kali ishikwe na mwalimu peke yake, akiwa amevaa miwani na glavu.

Kuipeleka kanuni ndani ya mwili

Baada ya vipimo vyote hivyo, hesabu moja huyaunganisha. Oksijeni inayotawanyika ndani ya maji hupita upana wa seli ya maikromita 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa takriban sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Umbali wa sentimeta 1 huichukua takriban saa 7. Umbali wa mita 1, yaani karibu kutoka moyoni hadi unyayoni mwa mtu mzima, ungeichukua karibu miaka 8. Wanafunzi wa sekondari wapewe namba ya kwanza na kanuni ya mraba, kisha wazitafute mbili nyingine wenyewe, na kabla mwalimu hajataja moyo wala damu, waulizwe mnyama mkubwa atahitaji nini ili aishi. Ndipo kuta nyembamba za vifuko vya mapafu, ambazo hazifiki hata maikromita 1, zinapopata maana, na ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini mnyoo bapa anaweza kuishi bila moyo ilhali mbuzi hawezi.

Kupima kama wameelewa

Swali la kutaka fasili ya mtawanyiko halitaonyesha mengi, kwa sababu fasili hukaririka. Mwulize mwanafunzi achore chembe za rangi na za maji katika glasi iliyokaa mwezi mzima, na aweke mishale kwenye chembe tano azitakazo. Asiyeweka mishale kabisa anaamini kwamba chembe zimesimama. Anayeweka mishale kwenye chembe za rangi peke yake anadhani maji ni ukumbi mtupu unaopitiwa, na huyo arudishwe kwenye mchezo wa pili wa uwanjani, ule wa sehemu mbili, safari hii nusu ya wanafunzi wakiwa maji na nusu wakiwa rangi, wote wakirusha kadibodi.

Swali la pili: mwanafunzi mmoja alisikia harufu ya udi kutoka chumba cha pili baada ya nusu dakika, akasema huo ni mtawanyiko. Jibu linalostahili alama zote litataja hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye chetezo na mkondo unaoisukuma mlangoni, litaeleza kwamba mtawanyiko nao upo lakini ni wa polepole mno kufika umbali huo kwa muda huo, na litapendekeza njia ya kuutenganisha na mkondo. Mwanafunzi atakayependekeza chombo kilichofungwa, au jeli, au kuiweka gesi nzito chini, apewe vifaa na aachwe ajaribu.